Beti Nne za Yai

Ninapomkumbuka Mkunga, ukungu ndio unaokuja kwanza. Unateremka kutoka msituni, unafunika mashamba ya vitunguu saumu, unameza ng'ombe mmoja mmoja mpaka zinabaki kengele tu. Halafu katikati ya weupe ule nasikia sauti ya mwanamke akiimba wimbo wa kanisani. Hakuwa akimwimbia Mungu, ingawa naamini Mungu alisikia. Alikuwa anapima yai.

Jikoni kwake hapakuwa na saa. Palikuwa na birika jeusi kwa masizi, na kila asubuhi yai moja liliingia mle pamoja na maji ya chai. Maji yakianza kutokota, naye alianza ubeti wa kwanza. Beti nne kwa yai lake mwenyewe. Beti sita kwa yai la mjamzito, kwa sababu hilo lazima liive mpaka katikati.

"Yai bichi si la mwenye mimba," alikuwa akisema, "hata kama limetagwa na mume wake."

Kisha alicheka peke yake, na moshi ukatoka naye mlangoni.

Watu wa Dongobesh watamjua. Wasiomjua hawahitaji jina, maana hata sisi hatukulitumia. Alikuwa Mkunga alipokuwa kazini na akabaki Mkunga alipostaafu, na sasa amelala nyuma ya nyumba yake, karibu na tuta la vitunguu, akiwa bado Mkunga. Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, sikuwahi kumuuliza. Yeye ndiye aliyejua sisi tulizaliwaje. Mimi nilitanguliza miguu. Kwa hiyo hata baada ya kupata stashahada ya maabara, nikaitundika ukutani ndani ya kioo, kwake nilikuwa na jina moja tu.

"Miguu Mbele, njoo hapa."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Lete paji la uso."

Hapo lazima nieleze. Mkunga hakuvunja yai mezani wala kwenye ukingo wa kikombe. Alilivunja kwenye paji la uso la mtoto yeyote aliyekuwa karibu. Ko! Mara moja, bila kuumiza, kwa mkono uliokuwa umezoea vichwa vidogo. Mtoto aliyepigwa alipewa kipande cha upande mnene, chenye kiini kidogo. Tulikuwa tunapita kwake kwa makusudi tukienda shule, tumepaka mafuta mpaka paji linang'aa, tunasimama mlangoni kama watu waliokuja kuuliza habari. Ladha ya kile kipande, na joto la ganda lile kwenye ngozi yenye baridi, bado ninavyo. Nimekula katika hoteli za Arusha zenye vitambaa vyeupe mezani, na sijakutana na yai kama lile.

Na mimi niliyekula vile vipande ndiye niliyekuja kumnyima yai. Nitasema ilivyokuwa. Sijawahi kuwa mtu wa kujificha, iwe katika sifa zangu au katika kosa langu.

Vita yake ya mayai ilianza kabla hatujazaliwa. Alipopangiwa kazi huku, mwanamke mwenye mimba hakugusa yai. Waliambiwa mtoto atatoka hana nywele. Mtoto mdogo naye hakupewa, maana akilizoea atakuwa mwizi. Mayai yalikuwa ya mgeni, ya mchungaji, na ya kuuzwa mnadani. Mkunga hakubishana sana. Siku moja, mbele ya wanawake wote wa kliniki, alimwita mzee mmoja mwenye kipara kama bakuli akamuuliza kwa heshima zote, "Baba, samahani, mama yako alikula mayai mangapi?" Mzee akasema mama yake hajawahi kula hata moja maishani. "Asante, Baba," akasema Mkunga. "Unaweza kwenda."

Kule Dirma, kwa wafugaji wa tambarare, ilikuwa kazi nyingine. Wale hawakuwa na hadithi ya nywele. Walikuwa hawali kuku wala kitu chochote kilichotoka kwa kuku, basi. Alikuwa akitusimulia jinsi mzee mmoja alivyosimama na fimbo yake, mrefu, shuka begani, mlima Hanang ukiwa nyuma yake kama mwenzake, akamwambia:

"Mama, yai linaliwa na nyoka. Sisi si nyoka."

"Basi mimi ni nyoka, Baba. Na jana usiku nyoka huyu amemtoa mjukuu wako."

Mzee alihamishia fimbo mkono wa pili. Mwisho akasema, "Kula basi. Lakini kula pale mbali kidogo."

Hakula mbali. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kufanya kazi, na aliishika miaka yote, hata baada ya kustaafu. Siku ya kliniki, kabla ya mizani kutundikwa na kadi kukusanywa, alikaa kwenye benchi mbele ya kina mama akala yai lake taratibu, anatafuna, anameza, anafuta mdomo. Hakusema neno. Kliniki ilifunguliwa baada ya hapo. Wanawake walimtazama mwaka baada ya mwaka. Walimwona hafi, hanyonyoki nywele, haibi. Mmoja akajaribu, kisha dada yake, kisha mkwe. Ilipofika zama za mama yangu, kule kwetu mjamzito kula yai lilikuwa jambo la kawaida kama kula makande, na watoto walipewa yai bila mtu kuogopa kuwa analea mwizi.

Msidhani alikuwa mtu asiye na miiko yake. Alicheka hofu za wengine, lakini ukimwonyesha kiota kwa kidole alikupiga mkono. "Onyesha kwa ngumi! Unataka kuku asusie?" Mayai ya kisasa hakuyataka. Alisema ni mayai yasiyo na baba. Nilipomweleza kwamba nguvu ya chakula haimtegemei jogoo, alinitazama kwa huruma akasema, "Wewe ulikuwa na baba, ndiyo maana huoni tofauti." Alihubiri usafi wa mabanda katika kata nzima, na kuku wake mwenyewe walilala chini ya kitanda chake. Walimchukia. Walikuwa wanataga kwa jirani, naye alilazimika kwenda kuomba mayai ya kuku wake.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo ningelitilia maanani mapema ningekuwa na akili kama nilivyojidhania. Mkunga hakuipita nyumba yenye mtoto mchanga bila kuingia na kunywa maziwa. Kwetu mama aliyejifungua hutunzwa kwa maziwa na samli, na mgeni anayefika kumwona naye hupewa kibuyu. Ukikataa, utakuwa umeacha neno baya mlangoni kwa mtoto. Mtu mwingine anaweza kujisahau, lakini mkunga akatae maziwa ya mtoto aliyemtoa kwa mikono yake? Haiwezekani. Hata alipostaafu alijua kila mlango wenye kitoto, na alikunywa kila kibuyu mpaka mwisho, samli ikimwachia mstari wa njano juu ya mdomo.

Alikuwa na usemi mmoja kwa akina mama waliodanganya kuhusu chakula cha watoto wao. "Usiniambie mmekula. Nionyeshe sufuria." Alikuwa anaingia mpaka jikoni, anafunua, ananusa. Nilidhani ni umbea. Baadaye niliona kwamba ule ndio uchunguzi, na uchunguzi wangu wote wa vioo na kemikali ulikosa hicho kitu kimoja.

Sasa niseme habari zangu, kwa sababu zinaingia hapa. Mimi sikusomeshwa na mjomba. Nilibeba matofali, nililima vitunguu saumu katika shamba la kukodi, nikajipeleka chuo mwenyewe na nikatoka na stashahada ya sayansi ya maabara. Nilifanya kazi Dar es Salaam miaka mingi, nikarudi Dongobesh wakati wenzangu wananiambia nimerukwa na akili. Nikajenga maabara yangu: vigae sakafuni, maji ya bomba, hadubini mbili, mashine ya kupima kemia ya damu. Kabla yangu, mtu wa Yaeda Chini alikuwa anapanda pikipiki katika zile njia za mawe, akifika hapa anaambiwa aendelee mbele kwa kipimo. Baada yangu, alikuwa anaishia kwangu. Hilo nitalisema popote.

Mkunga alifurahi kuliko mama yangu. Asubuhi ya siku aliyokuja kupimwa, ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba nilimwona mlangoni kama mtu anayeumbwa polepole, kwanza fimbo, kisha blanketi, kisha meno yake machache.

"Miguu Mbele, nimekuja uniingie kwenye damu."

Nikamkalisha, nikamfunga mkono, nikavuta. Damu ya mikono iliyonipokea duniani. Nilijiona mkubwa sana. Majibu yalipotoka, mafuta katika damu yalikuwa juu. Niliyasoma mara mbili. Ningeweza kumwandikia aende kwa daktari, kama utaratibu unavyotaka, maana kazi ya mtu wa maabara ni kutoa majibu. Lakini nilikuwa nimesoma, nami nilitaka aone kwamba nimesoma.

"Bibi, haya ni mayai. Moja kila siku, miaka yote hii. Yamejaa kwenye mishipa. Uyaache kabisa."

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto anayesoma kwa sauti.

"Umesomea hilo?"

"Nimesomea, Bibi."

"Basi," akasema. Akajifunika blanketi akaondoka, na njiani aliwaambia wote aliokutana nao kwamba Miguu Mbele amesoma mpaka anaona ndani ya mishipa.

Alitii. Kwa mwanamke ambaye hakuwahi kumtii mganga, mwenyekiti wala askofu, alinitii mimi. Nikipita kwake asubuhi birika lilikuwa linachemka na hakuna wimbo. Siku nyingine alijisahau akaanza ubeti wa kwanza, halafu akanyamaza katikati ya mstari, kukabaki mvuke tu. Alianza kupungua. Mwanzoni nilimsifu. Nilimwambia amekuwa mwepesi kama msichana. Yeye alisema, "Ndiyo, hata upepo umeanza kunichumbia." Nilicheka. Kanisani nilisimama nikatoa ushuhuda kwamba elimu imefika nyumbani, na mfano wangu ulikuwa yeye, amekaa benchi la pili na shingo imeingia ndani ya kitenge.

Msimu ulipita, ukafuata mwingine. Siku moja alikuja kwangu mama mmoja wa bondeni na mtoto mgongoni, kupima malaria. Malaria haikuwepo. Lakini mtoto alikuwa mnyonge, mashavu yamelegea, na kadi yake ya kliniki ilionyesha uzito uliosimama mahali pamoja. Nikamuuliza anamlisha nini.

"Uji. Uji na chumvi kidogo."

"Huna kuku?"

"Ninao. Wanataga vizuri."

"Na mayai?"

Alinishangaa. "Si tunauza yote mnadani, Kaka? Wewe ndiye uliyesema. Mkunga mwenyewe ameacha. Siku hizi anakaa kliniki, anatutazama tu, hali kitu. Tukasema, kama yanaweza kumuua Mkunga aliyeyazoea, mtoto huyu je? Hata shemeji yangu ana mimba, mama mkwe amemkataza. Wanasema wazee walikuwa na haki tangu zamani."

Nikakaa. Nakumbuka nilikuwa nimeshika kile kibandiko cha kuandikia jina la mgonjwa, nikakikunja mpaka kikanata kidoleni.

"Na sisi tulisikitika," akaendelea, akimpakata mtoto. "Maana siku ile anakuja kupimwa alipita kwangu alfajiri. Huyu alikuwa na wiki mbili. Nikampa kibuyu cha maziwa, nikatia samli kama inavyotakiwa, akanywa chote. Akasema, naenda kwa Miguu Mbele nikapimwe, niombee. Nami nikamwombea."

Kibuyu kizima, na samli. Halafu akatembea mpaka kwangu, nami nikavuta damu yenye mafuta ya asubuhi ile, nikayahukumu mayai ya maisha yake yote. Kipimo kile hutaka mtu awe hajala tangu jioni, nami sikumuuliza amekula nini wala amepitia wapi. Hilo ndilo swali la kwanza tunalofundishwa, na mtoto yeyote wa Dongobesh angelijua jibu lake, kwa sababu anajua Mkunga hapiti mlango wenye kichanga. Mimi niliyezaliwa hapa nilisahau desturi ya kwetu, na niliyesoma kule nilisahau utaratibu wa kule. Nilikuwa mtu wa pande mbili ambaye siku ile hakuwa na upande hata mmoja.

Asubuhi iliyofuata niliingia kwake kabla hajatoka kitandani, na kisanduku changu cha kuchukulia damu mkononi.

"Bibi, tangu jana jioni umekula nini? Umekunywa nini? Umepita kwa nani?"

"Aa," akasema kutoka kitandani, kuku wakilalamika chini yake. "Leo ndiyo unauliza."

"Ulijua?"

"Nijue nini? Wewe ndiye uliyesoma. Sijala, sijanywa, sijapita kwa mtu. Chukua."

Mkono ulikuwa mwembamba. Nilitafuta mshipa kwa muda. Majibu ya mara hii yalikuwa ya mtu wa umri wake, hayana la kutisha. Nikayachukua hayo na yale ya kwanza nikaenda nayo kwa daktari ninayemheshimu, nikamweleza bila kupunguza. Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alisema yai moja kwa siku kwa mtu kama huyu, asiye na sukari wala ugonjwa wa moyo, si adui. Kwa mama mjamzito na mtoto ni msaada mkubwa. Mwenye kisukari au moyo aulize hospitali kwanza, aambiwe kiasi chake. Ukitafuta adui, alisema, angalia sahani nzima: yai linakaangwa na nini, chumvi kiasi gani, samli mara ngapi. Kisha akanirudishia karatasi. "Na wewe, andika majibu. Ushauri wa chakula tuachie sisi."

Nilirudi kwa Mkunga mchana, nikakaa kwenye kigoda kama siku za shule.

"Bibi, nilikosea. Rudia yai lako. Samli ndiyo upunguze."

"Kwenye nyumba ya aliyejifungua sikatai samli. Nitaonja."

"Onja basi. Lakini yai ule. Nisamehe."

Alikoroga chai yake isiyo na sukari kwa muda mrefu, kana kwamba inayo. Nje ukungu ulikuwa umeinuka, na jua lilikuwa juu ya vitunguu kama kitu kilichomwagika.

"Mimi nimekusamehe tangu ulipotanguliza miguu," akasema. "Lakini uliniambia mimi mmoja, wameacha wote. Ilinichukua maisha yangu kuwafikisha pale. Wewe umetumia asubuhi moja. Sasa nikila tena watasema kizee amerudia ulevi wake. Nani atawaambia?"

"Nitaandika tangazo. Nitalibandika maabara, na kanisani."

"Watu hawali tangazo. Kliniki ni Jumatano."

Jumatano nilivaa suti yangu ya kijivu na tai, kwa sababu sijui kuomba radhi nikiwa nimevaa vibaya. Kina mama walikuwa wamejaa, wengine wametoka mbali, shuka na vitenge vimelowa umande. Yule mama wa bondeni alikuwepo, na shemeji yake mwenye mimba, na mama mkwe amekaa katikati yao kama mlinzi. Mkunga alikuwa kwenye benchi lake. Alikuja kwa kushikwa mikono pande mbili. Hakuwa na nguvu ya kwenda mbali tena, na baada ya siku ile sikumwona nje ya nyumba yake.

Nilisimama nikasema. Nilisema mashine haikukosea, mimi ndiye niliyekosea. Nilisema Mkunga alikuwa amekunywa maziwa na samli asubuhi ile nami sikuuliza. Nilisema mayai hayakuwa na kosa, na kwamba Mkunga kukaa kwenye benchi lile bila yai kulitokana na mimi. Ni hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Kisha mama mkwe akauliza, "Mwanangu, shikamoo yangu utanipa baadaye. Sasa niambie. Leo unasema hivi. Kesho ukisoma tena, ukageuka?"

Stashahada haina jibu la swali hilo.

Nyuma yangu birika lilikuwa linachemka kwenye jiko la mkaa la muuguzi, na sauti nyembamba ikaanza ubeti wa kwanza. Ilikatika, ikapumua, ikaendelea. Ubeti wa pili wanawake wawili waliuchukua kwa chini. Wa tatu uliimbwa na benchi zima. Wa nne, wa tano na wa sita sikuona vizuri aliyekuwa akiimba, kwa sababu mvuke ulikuwa umenifikia machoni. Beti sita, si nne. Lilikuwa yai la mjamzito.

Mkunga alilitoa kwa kijiko, akalishika ndani ya ncha ya kanga.

"Miguu Mbele."

"Naam, Bibi."

"Inama."

Nikainama, suti, tai na yote, mpaka nikapiga goti kwenye udongo uliolowa.

Ko!

Kina mama waliangua kicheko hadi benchi likayumba. Mkunga alimenya bila haraka. Sehemu kubwa alimpa yule mwenye mimba, na mama mkwe alitazama pembeni, akamwacha ale. Ya pili aliiweka kinywani mwake mwenyewe, akatafuna, akameza, akafuta mdomo. Kile kipande cha upande mnene, chenye kiini kidogo, alinipa mimi. Nilikila nikiwa bado nimepiga goti.

"Haya," akasema. "Tundikeni mizani."